Vitabu Vilivyonyooshwa

Kidole chake kilikwenda vizuri. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona, na kwa muda sikuona jingine. Msichana wa darasa la sita alikaa dawati la mbele, mgongo umenyooka, kitabu kikubwa cha nukta nundu kimefunguliwa mbele yake. Kidole chake cha shahada kilitembea juu ya ukurasa kutoka kushoto kwenda kulia, kikarudi, kikashuka mstari, kikatembea tena, na sauti yake ikatoka safi bila kukwama popote. Alisoma habari ya mto uliofurika na watu waliohamia kwenye kilima. Wenzake wachache wa kitengo chetu cha wasioona walimsikiliza huku mikono yao ikipita juu ya kurasa zao, kila mmoja na kitabu chake.

Mwalimu mkuu aliniinamia sikioni. "Unamwona? Huyu ndiye tunayemsimamisha wageni wakija. Hata kanisani kwao Makwale anasoma Jumapili. Watu wanalia."

Mimi pia nilikuwa karibu kulia. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka huohuo, nimeripoti Kyela siku chache tu zilizopita, na nilichokuwa nakitazama ndicho nilichosomea. Nikasogea ili niuone ukurasa wenyewe, kwa hamu ileile anayokwenda nayo fundi kutazama kazi ya fundi mwenzake. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaangukia kitabu kwa upande. Mwanga wa namna hiyo huifanya kila nukta itupe kivuli chake kidogo, na ukurasa mzima huonekana kama ngozi iliyosisimka kwa baridi.

Hapakuwa na vivuli. Ukurasa ulikuwa tambarare kama shuka lililopigwa pasi.

Nilipeleka kidole changu pembeni mwa chake. Nilihisi karatasi. Nikapeleka mstari wa juu, nikapeleka wa chini: karatasi. Kwa kukaza macho niliweza kuona alama hafifu za mahali ambapo nukta zilikuwepo zamani, kama alama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyeivua. Lakini za kuguswa hazikuwepo. Msichana akafika mwisho wa ukurasa mtupu, akaufunua kwa adabu, akaendelea kusoma kwenye ukurasa mwingine mtupu.

Nilimtazama mwalimu mkuu. Alikuwa anatabasamu.

Lazima nieleze nilikuja na nini kichwani, kwa sababu mshtuko wangu ulitokana na hicho kwa sehemu kubwa. Chuoni tulifundishwa kusoma nukta nundu tukiwa tumefungwa vitambaa usoni, hadi vidole vikafa ganzi. Tulifundishwa pia vifaa vipya: simu na vishikwambi vyenye programu inayotamka kila kinachoguswa kwenye kioo, mashine za kuchapa nukta kwa vidole sita, vikuza maandishi kwa wenye uoni hafifu. Nilipopangiwa Kyela nilijiandaa kupambana na uhaba. Niliyafanyia mazoezi maneno ambayo ningeyasema ofisini nikiambiwa hakuna vitabu, hakuna mashine, hakuna mwamko. Sikuwa na maneno ya kabati lililojaa vitabu, wala ya mashine iliyopo stoo, wala ya watoto wanaokaa na kusoma.

Wenzake walipotoka kwenda kula, nilimwomba yule msichana abaki. Nilitoa kwenye mkoba kibao changu cha chuma chenye vijishimo na kalamu yake butu ya kutobolea, nikaandika sentensi fupi ambayo hakuwahi kuisikia, nikaigeuza karatasi na kuiweka chini ya mkono wake.

Kidole kikagusa na kurudi nyuma kwa ghafla.

"Mwalimu," alisema kwa upole, kama mtu anayekuonyesha doa kwenye shati lako, "karatasi hii imeharibika. Ina vipele."

"Hujawahi kukuta vipele kwenye kitabu?"

Alifikiri. "Nikiwa mdogo. Kulikuwa na mwalimu wa kwanza, alikuwa na karatasi za hivi. Alitufundisha vipele viwili vitatu halafu akahamishwa. Baadaye vikaja vitabu vizuri."

"Na vitabu vizuri unavisomaje?"

Alinigeuzia uso kwa mshangao wa kweli. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza jambo la kitoto namna hiyo. "Mwalimu anasoma kwanza, sisi tunafuatisha, mkono ukiwa juu ya kitabu. Ukishafuatisha mara nyingi, mkono unapita na maneno yanakuja. Yakikataa kuja, unarudi mwanzo wa mstari."

Alinieleza hivyo, na hakuwa anadanganya. Ningependa msomaji alielewe hilo kabla ya mengine yote. Hakuwahi kumdanganya mtu yeyote. Mwalimu wa kwanza alikuwa amewasisitizia kwamba mkono lazima uwe juu ya kitabu. Aliyempokea hakuzijua nukta, kwa hiyo alisoma kutoka kitabu cha wino na kuushika msisitizo uleule wa mkono. Mtoto akajenga maana yake ya kusoma kwa vitu viwili alivyopewa, mkono na sauti, na akawa hodari kupita wote. Kumbukumbu yake ilikuwa imebeba vitabu vya miaka kadhaa.

Nilikwenda ofisini. Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho, kalamu ikiwa hewani.

"Lakini zile alama zipo," alisema. "Nimeziona mwenyewe."

"Zipo kwa macho, mwalimu. Kwa kidole hazipo."

"Mimi nilidhani..." Aliishusha kalamu. "Nilidhani vidole vyao vinaona tusichokiona sisi. Si ndivyo tunavyoambiwa? Kwamba Mungu akichukua hapa anaongeza pale?"

Sikucheka. Nilitambua kwamba mtu mwenye shahada na uzoefu mrefu kazini alikuwa amepita kila siku mbele ya kurasa tupu akiustaajabia muujiza, na staha yake kwa watoto ndiyo iliyomzuia kuuliza.

Kilichobaki ni kujua nukta zilikwenda wapi. Jibu lilikuwa stoo.

Mtunza stoo alikuwa mama wa makamo kutoka Busale, ambaye pia aliongoza jiko la shule. Alivaa funguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Stoo yake ilikuwa safi kuliko ofisi zote: majembe yamepangwa kwa urefu, masufuria yamefunikwa, na magunia ya mpunga, ambao wazazi huchangia kwa chakula cha mchana, yamepandana hadi karibu na dari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuona mali ya watoto wako?" Alinishika mkono, akaniongoza hadi nyuma ya magunia. Hapo, juu ya chaga, kulikuwa na mbao mbili pana. Kati ya mbao hizo kulikuwa na vitabu, na juu ya mbao kulikuwa na mpunga.

Nilipiga magoti, nikachungulia kati ya mbao.

"Hivi ndivyo vilivyobaki, vya darasa la saba," alisema kwa fahari. "Ungeviona vilivyokuja! Vilifika wakati wa likizo, masika, gari limekwama huko njiani, maboksi yamelowa. Nikafungua, nikakuta kila ukurasa umevimba. Kila ukurasa, mwanangu! Vipele, vipele, vipele, kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikasema, Mungu wangu, hii ni mali ya serikali na ni ya watoto wasioona. Nikavianika kidogo kidogo, halafu nikavikandamiza. Vilivyokuwa vibishi nilivipiga pasi."

"Pasi?"

"Ya mkaa, na kitambaa kibichi juu ili visiungue. Ukurasa kwa ukurasa. Likizo nzima iliishia hapo." Alitoa kitabu kimoja na kukipapasa jalada. "Sasa angalia. Kama kimetoka dukani leo."

Nilitoa ile karatasi yangu ya sentensi moja, nikachukua kidole chake na kukiweka juu ya nukta. "Mama, hivi vipele ndivyo maandishi yao. Kila kimoja. Hivi ndivyo wanavyosoma."

Kwanza alitabasamu, akidhani natania. Kisha akapapasa tena, mwenyewe, polepole, mstari mzima. Alikaa juu ya gunia. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, na kwa muda hatukuweza kusikizana. Nilimwona akiyatazama magunia moja baada ya jingine, na mdomo wake ukicheza bila sauti.

"Yaani nimeyafuta," alisema mvua ilipopungua. "Maneno yote."

"Hukujua, mama."

"Nimewapa watoto karatasi." Alisimama ghafla. "Tukizilowanisha? Si zilivimba kwa maji? Tukizilowanisha hazitainuka?"

"Hazitainuka."

Akaniuliza tena, kwa maneno mengine, na nikamjibu vilevile. Alipoelewa kabisa alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alipanda juu ya rundo, akaanza kuvuta magunia ya mpunga kutoka juu ya vitabu vya darasa la saba, peke yake, akihema, na aliponiona namsogelea akanikemea, "Niache! Niliyapandisha mwenyewe!" Tuliyashusha pamoja hata hivyo. Vitabu vya chini vilikuwa vimekwisha. Viwili vya juu, vilivyokuwa vimechelewa kuwekwa, vilikuwa na kurasa za katikati ambazo bado zilisema kitu, kwa sauti ya chini sana.

Kabla sijatoka alinionyesha boksi lililofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ndani kulikuwa na mashine ya nukta nundu, mpya, mafuta ya kiwandani bado kwenye vibonyezo vyake. "Hii nayo ni mbovu," alisema akiwa amekata tamaa. "Tuliijaribu. Ukibonyeza haitoi wino."

Nikaingiza karatasi, nikabonyeza. Tulisikia ikiuma. Nilimpa karatasi. Aliipapasa, akaangua kicheko kimoja cha uchungu, akafunika mdomo kwa upindo wa kitenge.

*

Nilidhani kumweleza yule msichana kungekuwa rahisi zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyepunjwa. Nilimweleza kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa, nikimsifia kumbukumbu yake.

"Kwa hiyo mimi sisomi."

"Utasoma. Tutaanza sasa."

"Nilikuwa nasoma," alisema. "Umekuja wewe, ndiyo nimekuwa sisomi."

Akaisukuma ile karatasi ya sentensi moja mbali naye.

Wiki zilizofuata nilitoa kishikwambi nilichokuja nacho, nikiamini kingewafurahisha. Kiliwafurahisha kupita kiasi. Sauti ya kike ilipotoka kwenye kioo na kusoma Kiswahili kwa lafudhi isiyo ya mahali popote, darasa zima lilisogea.

"Nani huyo?"

"Dada mmoja amefungiwa humo ndani."

"Mugonile, dada!" mmoja alikisalimia kwa Kinyakyusa. Kimya. "Mugonile!" Kimya. "Aa, huyu hakufundwa kwao. Hajibu salamu."

"Labda ni Mkisi wa ziwani, ana haraka ya samaki."

Walicheka hadi madawati yakasogea. Yule msichana hakucheka. Alikishika kishikwambi, akakipapasa kioo chake, na nikaona uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ya vipele. Kioo kile kilikuwa laini, kama vitabu vizuri.

"Mwalimu, basi si atanisomea huyu? Vipele vya nini?"

Swali lilikuwa la haki. Nilimwambia ukweli: kishikwambi kingempa vitabu vingi kuliko ambavyo mimi ningeweza kuchapa maishani, na nilitaka akijue vizuri. Lakini mvua ya Kyela ikikata umeme, sauti ingekatika pia. Zaidi ya hilo, kusomewa bado ni kufuatisha. Mtihani wa darasa la saba ungemjia kwa nukta, karatasi juu ya meza, na hapangekuwa na mtu wa kumtangulia kwa sauti. "Mkono utapita," nilimwambia, "na maneno hayatakuja, kwa sababu hakuna aliyekusomea kabla."

Nadhani ndipo aliposhtuka yeye. Alianza kuivuta ile karatasi ya sentensi moja kuelekea kwake.

Herufi tulizijifunza kwa kakao. Bibi yake alikuwa na shamba dogo Makwale, na tangu utotoni kazi ya mjukuu ilikuwa kuzipapasa punje zilizoanikwa na kutenga zilizokauka na zenye unyevu. Vidole vyake vilikuwa na elimu hiyo tayari. Nilikata kipande cha trei la mayai chenye vikombe sita, vitatu kwa viwili, naye akaleta punje kwenye mfuko wa sketi. Punje moja juu kushoto, herufi ya kwanza. Mbili za kushoto kutoka juu, ya pili. Kutoka kwenye vikombe tukahamia kwenye mashine, ambapo vibonyezo sita vinashika nafasi za vile vikombe sita, na kutoka kwenye mashine tukahamia kwenye ncha ya kidole, ambako kila kitu ni kidogo hadi kinakatisha tamaa.

Na hapo kishikwambi kilipata kazi yake ya kweli. Mtunza stoo alikuja kila alasiri baada ya kuosha masufuria. Niliandika kwenye kishikwambi sentensi aliyoninong'oneza yeye ili msichana asiisikie, nikaichapa pia kwa mashine, kisha nikaondoka. Msichana alisoma karatasi peke yake, akatamka alichokipata, halafu akagusa kioo ili yule dada asiyejibu salamu amwambie kama amepatia. Hakulazimika kukosea mbele ya mwalimu. Wakati mwingine nilimsikia kutoka varandani akigombana na kishikwambi: "Muongo! Hapa ni *mgomba*!" Na mara chache alikuwa sahihi yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyekosea kuandika.

Karatasi nene hatukuwa nazo. Mfanyabiashara mmoja wa Kyela mjini, mzee mwenye asili ya pwani ambaye dukani kwake nilikuwa nanunua vocha, alinipa rundo la kalenda za mwaka uliopita alizokuwa anafungia sabuni. "Chukua, mwalimu. Siku zilizopita hazina mteja." Upande wa nyuma ulikuwa mweupe na mgumu, ukashika nukta kama zilizochongwa.

Mtunza stoo hakukubali kurasa hizo zilaliane. Alifunga kamba za katani kutoka ukuta hadi ukuta ndani ya stoo, akazitundika kwa vibanio vya nguo, moja moja, mbali na mpunga. Unyevu ulipozidi aliwasha jiko la mkaa pembeni na kulilinda kama anavyolindwa mgonjwa. Ukiingia humo ulikuta kurasa zinaning'inia usawa wa kifua, na yule msichana akitembea kati yake kwa mikono, akisoma amesimama.

Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Sentensi moja ilimchukua muda ambao zamani ungemtosha kwa ukurasa mzima. Ilikuwa wazi kwake na kwangu kwamba hawezi kwenda darasa la saba mwaka utakaofuata. Ilibidi arudie la sita. Na ili arudie, bibi yake, mlezi wake pekee, alipaswa kukubali, na ili akubali alipaswa kuujua ukweli.

"Kikao cha wazazi ni Ijumaa," mwalimu mkuu aliniambia. "Asome kama kawaida."

"Mwalimu, hawezi tena kusoma kama kawaida."

"Anaweza. Bado anavikumbuka." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. "Wewe ni kijana, na nia yako ni njema. Lakini mimi nawajua hawa wazazi. Kuwatoa watoto hawa majumbani ilikuwa kazi. Yule binti ndiye ushahidi pekee nilionao. Niwaambie hakuwa anasoma? Wiki ijayo wote watakuwa nyumbani wanaanika kakao, na kitengo kitafungwa. Tulirekebishe hili ndani kwa ndani."

Nililala vibaya kwa sababu hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Asubuhi nilimweleza msichana yote mawili, la mwalimu mkuu na langu, na nikamwambia sitamlaumu kwa lolote.

Aliuliza swali moja. "Na kanisani? Nako watajua?"

"Bibi akijua, nako watajua."

Akarudi kwenye punje zake za kakao.

Ijumaa wazazi walijaa darasani, kutoka Makwale na Busale, wengine Ngonga, wakiwa na matope hadi magotini. Bibi yake alikaa mbele, kitambaa cheupe kichwani, akisalimiana na watu kwa utulivu wa mtu anayesubiri sifa. Taarifa zikasomwa. Kisha mwalimu mkuu akamwita msichana na kumwekea mikononi kile kitabu cha mto uliofurika.

Alikifungua. Akapitisha kiganja chote juu ya ukurasa, mara moja, kama anayefuta vumbi. Akakifunga.

"Hiki hakina kitu," alisema. "Naomba karatasi yangu."

Kutoka mlangoni mtunza stoo alipita katikati ya wazazi ameushika ukurasa wa kalenda kwa ncha mbili za juu, mbali na mwili, kama anayebeba sufuria linalochemka. Aliuweka mezani na kubaki amesimama hapohapo.

"Mvu... a," msichana alianza. "Mvua. Ya. Ja... na."

Kidole kilirudi nyuma. Kikasubiri. Kikaenda.

"Ime... a... ngu..."

"Amesahau leo?" mtu alinong'ona nyuma.

"Malaria hiyo. Mtazame anavyotoka jasho."

"Nyamazeni, apumzishwe mtoto wa watu."

"Imeangusha," alisema msichana kwa sauti kubwa, na jasho lilikuwa linamtoka kweli. "Mgo... mba. Wa. Bibi." Akainua mkono. "Mvua ya jana imeangusha mgomba wa bibi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama sakafu. Bibi yake alisimama.

"Mjukuu wangu. Mbona leo umekwama hivi?"

"Leo nimesoma, bibi. Siku zile nilikuwa nakumbuka. Vitabu vilikuwa havina kitu, na mimi sikujua."

Bibi alishika ukingo wa dawati. "Na kanisani?"

"Na kanisani, bibi. Kitabu nilichopapasa kule kilikuwa cha Sayansi; maneno nilisomewa kwanza nikayashika."

Mtu mmoja akavuta pumzi kwa sauti. Mtunza stoo akaanza kusema, "Ni mimi, mama, mimi ndiye niliyevinyoosha..." lakini bibi aliinua kiganja kumnyamazisha bila kumtazama. Alitembea hadi mezani. Aliutazama ukurasa mweupe, kisha akanyoosha kidole, kigumu, cheusi kwa utomvu wa kakao.

"Mvua iko wapi hapa?"

Msichana alikishika kidole cha bibi yake na kukipeleka mwanzo wa mstari.

"Hiki kidogo hivi?"

"Na hiki, na hiki. Hadi hapa."

"Punje ya ufuta ni kubwa kuliko hii." Alipapasa tena. Alimgeukia mwalimu mkuu. "Sasa mnataka nini kwangu?"

Namshukuru mwalimu mkuu kwa alichosema. "Arudie darasa la sita, mama. Tumempunja. Mwaka mmoja zaidi, asome kweli kabla ya mtihani."

"Arudie," alisema bibi. Alianza kurudi mahali pake, akageuka. "Na Jumapili atasoma. Hivihivi, polepole. Watasubiri."

Walisubiri. Jumapili ile nilikuwepo, kwenye benchi la nyuma kabisa, na mtunza stoo alikuwa ametoka Busale kwa miguu ili aubebe ukurasa mwenyewe. Mstari ulikuwa mmoja tu. Waumini wa Makwale, waliozoea kulia kwa ufasaha wake, walikaa na mikono magotini wakimtazama akipapasa nyuma ya mwezi wa Machi wa mwaka uliopita, na pale alipokwama nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Bibi yake hakuinua kichwa. Aliinua alipomaliza, akasema "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, bila kumlenga mtu.

Kisha wimbo ukaanza na vitabu vya nyimbo vikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na mtunza stoo akaufunika ukurasa kwa viganja vyake viwili, bila kuugusa, ili mtu yeyote asiweke chochote juu yake.